Okoa Harusi Yako Kabla CD Haijafa

Karibu kila nyumba niliyowahi kuingia Arusha, kuanzia Ngarenaro hadi Usa River, ina mfuko wa CD za zamani. Uko juu ya kabati, au kwenye droo ya meza ya TV pamoja na rimoti ya deki iliyokufa siku nyingi. Ndani utakuta muvi za Kanumba, filamu za Kihindi, zile DVD za Kichina zenye muvi ishirini katika diski moja, na chini kabisa, bila jalada, CD ya harusi ya dada mkubwa au ya kipaimara cha mtoto ambaye leo naye ana watoto. Mwenye nyumba atakwambia, "Hizo zipo, hazina shida." Muulize mara ya mwisho alizitazama lini.

Mimi ni fundi kompyuta. Nilianza na duka dogo la kukodisha CD pale Sakina, enzi ambazo ukichelewesha kurudisha muvi unadaiwa faini na jina lako linabandikwa ukutani. Biashara ile ilikufa. Kwanza zikaja flashi, watu wakawa wanawekewa muvi kibandani na kuondoka nazo mfukoni, kisha likaja bando la intaneti. Nikafunga rafu, nikabaki na meza moja, laptopu mbili na draivu za DVD za kuchomeka. Siku hizi watu wananiletea CD zao nizihamishie kwenye laptopu au kwenye diski ya nje, ile vijana wanaita eksteno. Kazi hii si ngumu. Mtu yeyote mwenye laptopu na subira anaweza kuifanya nyumbani, na makala haya ni kwa ajili yake.

Kwa nini sasa

DVD iliingia sokoni huko Japani mwishoni mwa 1996. VCD ilitangulia, 1993, ikatamba sana kwetu kwa sababu deki yake ilikuwa rahisi. Kwa miaka mingi kila laptopu ilikuja na draivu yake pembeni, unabonyeza kitufe, sahani inatoka. Kuanzia miaka ya 2010 watengenezaji wakaanza kuziondoa ili mashine ziwe nyembamba. Leo mwanafunzi anayenunua laptopu mpya hapa mjini hapati sehemu ya kuingizia CD. Deki nazo zikiharibika hazitengenezwi, maana lenzi yake huipati, na ukiipata fundi anakushauri ununue king'amuzi.

Shida ya pili ni CD yenyewe. Zile za kiwandani zimechapwa kwa muhuri, zinadumu kiasi. Lakini CD ya harusi haikuchapwa kiwandani. Mpiga video aliichoma mwenyewe kwenye kompyuta yake, na data zake zimeandikwa kwa miale kwenye utando wa rangi. Rangi hiyo hufifia, na jua huifanya ififie haraka zaidi. CD iliyokaa miaka kumi dirishani inaweza kuonekana safi kabisa na isisomeke. Na yale maandishi ya kalamu ya wino mkali, "Send-off ya Mama Junior", yameandikwa upande ambao kwa CD ndio dhaifu zaidi. Tabaka la data la CD liko karibu sana na upande wa jalada, kiasi kwamba mkwaruzo wa juu unaua kuliko wa chini. Kwa DVD data ziko katikati, kati ya vipande viwili vya plastiki, ndiyo maana DVD huvumilia zaidi.

Anza na ipi?

Watu wengi huanza na muvi kubwa za Marekani. Mimi nawashauri wazifanye za mwisho.

Chukua mfano wa filamu ambayo kila mtu wa Arusha anapaswa kuiona, *Hatari!*, ya mwongozaji Howard Hawks, iliyotoka 1962. John Wayne na Hardy Krüger wanakamata wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama, kambi yao iko Momella, chini ya Mlima Meru, na kuna mahali watoto wa tembo wanakimbia katika mitaa ya mji wetu wa enzi hizo. Krüger aliipenda Momella mpaka akanunua shamba huko. Ni filamu ya saa mbili na dakika thelathini na saba, na mzee aliyekulia Ngarenanyuki anaweza kuitazama yote akikuonyesha ni kilima gani kile. Lakini CD yako ya *Hatari!* ikivunjika leo, filamu haijapotea. Paramount wanayo, na maduka duniani yanaiuza.

Sasa chukua Bongo muvi za mwanzo. *Girlfriend* ya George Tyson ilitoka 2003. *Dar to Lagos* ya Steven Kanumba ilikuja 2006. Baada ya hapo mamia ya filamu yalitoka moja kwa moja kwenye VCD na DVD, bila kupita sinema, nyingi zikiwa zimekatwa vipande viwili, Part 1 na Part 2, ili mteja anunue mara mbili. Baadhi zimepandishwa mtandaoni, mara nyingi zikiwa zimekatwa. Nyingine hazimo popote isipokuwa kwenye mifuko ile ya juu ya kabati. Tangu Kanumba afariki, tarehe 7 Aprili 2012, nimeshapokea wateja kadhaa wanaotafuta filamu zake wakiwa na Part 1 tu. Mwenye Part 2 yuko, pengine mtaa wa pili, hajui kama ana kitu.

Halafu kuna harusi, send-off, ubatizo, na misiba, maana huku kwetu msiba nao hupigwa video. Nakala za shughuli kama hizo ni mbili au tatu duniani kote. Mpiga video alishafuta zake zamani ili apate nafasi. Hizo ndizo za kwanza.

Mzee mmoja wa Nkoaranga alikuja na DVD ya send-off ya binti yake. Nikampa shikamoo, akaitika, akaketi na kuniwekea mezani bahasha ya kaki. "Mwanangu," akasema, "picha za mama yao ninazo. Sauti yake iko humu tu." Marehemu mkewe alikuwa amesimama siku ile akamuusia binti kwa Kimeru, dakika nne hivi. DVD ilikuwa na mkwaruzo mrefu unaozunguka. Mkwaruzo wa kuzunguka ni mbaya kuliko unaokata kutoka katikati kwenda pembeni, kwa sababu unafuata njia ileile ambayo miale inasoma, hivyo unafuta vipande vinavyofuatana. Nikatumia programu iitwayo ddrescue, ambayo husoma kwanza sehemu nzima zote na kuziweka salama, kisha inarudi kwenye zile mbovu na kuzijaribu tena na tena. Niliiacha ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi kulikuwa na sekunde chache zilizoganda wakati wa kuingia kwa wageni. Wosia wa mama ulikuwa mzima, na mzee aliuliza kama unaweza kuwekwa kwenye simu pia.

Safisha kwanza

Vumbi la Kisongo na la njia ya Namanga linaingia hata kwenye nyumba iliyofungwa madirisha. Usiingize CD yenye vumbi kwenye draivu. Iweke chini ya maji ya bomba yasiyo na nguvu, tone la sabuni ya vyombo kama ina mafuta ya vidole, kisha ifute kwa kitambaa laini cha pamba kutoka katikati kwenda pembeni. Usifute kwa kuzungusha. Sababu nimeshaieleza kwenye habari ya mzee. Usitumie dawa ya meno, hata kama jirani anaapa kwamba ilimsaidia. Iache ikauke kabisa.

Fungua uone ni ya aina gani

Sisi tunaita zote CD, lakini laptopu inatofautisha. Ingiza diski, kisha badala ya kuicheza, fungua uone folda zilizomo.

Ukikuta folda iitwayo MPEGAV, hiyo ni VCD. Ndani yake kuna faili kama AVSEQ01.DAT. Faili ndogo huwa ni nembo na matangazo ya msambazaji, na kubwa ndiyo muvi. Kopi zote, zibandike kwenye folda mpya kwenye laptopu, basi. Programu ya VLC, iliyozaliwa kwa wanafunzi wa chuo cha École Centrale cha Paris na inayotolewa bure, inaicheza bila kuuliza. Usitegemee picha iwe safi kuliko ilivyokuwa. VCD ina nukta 352 kwa 288, takriban robo ya DVD, na kukopi hakuongezi kitu ambacho hakikuwemo.

Ukikuta folda iitwayo VIDEO_TS, hiyo ni DVD. Hapa ndipo watu wengi wanaharibikiwa. Muvi ya DVD haikai kwenye faili moja. Imekatwa vipande visivyozidi gigabaiti moja: VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB, na kuendelea. Mama mmoja wa Tengeru alimpa kijana wake kazi ya kuhamisha harusi. Kijana akaona faili kubwa, akaikopi, CD ikatupwa kwenye pipa. Walipokuja kutazama Krismasi, ndoa ilifungwa vizuri kanisani, lakini keki haikukatwa. Bahati nzuri shemeji wa Moshi alikuwa na nakala. Kopi folda nzima ya VIDEO_TS, pamoja na zile faili ndogo za IFO na BUP zinazoonekana hazina maana. Hizo ndizo zinazojua kipande gani kinafuata kipi.

Ukikuta faili za MP4, AVI au MPG zimekaa wazi, basi diski ni ghala tu. Kopi kama unavyokopi nyimbo.

Na kama laptopu inasema diski ni tupu wakati unaona wazi kwamba sehemu ya chini imebadilika rangi, huenda iliandikwa na kamera au deki ya kurekodia na haikufungwa rasmi mwishoni. Usiitupe. Ikiwa kamera au deki ile bado ipo kwa mtu, ndiyo yenye uwezo wa kuimalizia.

Kuna jambo moja la ndugu wanaotuma DVD kutoka nje. DVD nyingi za kuuzwa zimepewa namba za kanda: Marekani ni 1, Ulaya na Mashariki ya Kati ni 2, sisi na sehemu kubwa ya Afrika ni 5. Draivu ya laptopu inakuruhusu kubadili kanda mara tano tu, ya tano inagandia hapo moja kwa moja. Usibonyeze "ndiyo" kila unapoulizwa.

Kuibana iwe faili moja

DVD ya kawaida ina gigabaiti 4.7, na ile ya matabaka mawili ina 8.5. Ukiziweka kama zilivyo, diski kuu ya gigabaiti 500 itajaa kwa DVD mia moja hivi. Kwa hiyo hatua ya pili ni kuibana. Mimi natumia HandBrake, nayo ni ya bure. Unaionyesha folda ya VIDEO_TS, inasoma, inakuorodheshea vipande, nawe unachagua kile kirefu zaidi, maana ndicho muvi yenyewe. Unachagua MP4 na mfumo wa H.264, ambao karibu kila simu na TV ya sasa inauelewa. Muvi ya saa moja na nusu inashuka hadi gigabaiti moja au moja na robo, na kwa macho ya kawaida hutaona tofauti.

Mambo matatu ya kuangalia kabla ya kubonyeza kuanza. La kwanza, sauti: DVD huweza kuwa na lugha kadhaa, hakikisha umechagua unayoitaka. La pili, maandishi ya chini: usipoyaweka tiki, hayatakuja. La tatu linahusu video za harusi. Kamera za wakati ule zilirekodi mistari ya picha kwa zamu, na kwenye laptopu bibi harusi anapotembea unaona kingo zake zimekuwa kama meno ya kitana. Ndani ya HandBrake, sehemu ya vichujio, kuna chaguo la kuiondoa. Iwashe.

Kwenye laptopu ya zamani kazi hii huchukua muda mrefu kuliko muvi yenyewe. Kopi folda zote mchana, kisha panga foleni na uiache ifanye kazi usiku. Betri iwe nzima. Umeme ukikatika laptopu inaendelea, lakini diski ya nje yenye waya wake wa ukutani inazimika katikati ya kuandika, na faili lililokuwa linaandikwa huharibika. Ndiyo maana naandika kwanza kwenye laptopu, ya nje baadaye.

Na ukitaka kuihamishia kwenye flashi ya TV, kumbuka flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja inayozidi gigabaiti nne, hata kama flashi ni tupu. Mteja analalamika flashi ni mbovu, kumbe faili ndiyo kubwa. Ikiwa imebanwa vizuri, hukutani na tatizo hilo.

Haki ya mwenye kazi

Wateja huniuliza kama jambo hili ni kosa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, ambayo ndiyo iliyoianzisha COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, inatofautisha nakala ya mtu kwa matumizi yake binafsi na nakala ya biashara. Harusi yako ni yako. Muvi uliyoinunua, ukaitunzia nakala nyumbani kwako, ni jambo moja. Kuipeleka kibandani iuzwe kwa kila mwenye flashi ni jambo jingine, na hilo ndilo lililowaua wasanii wetu. Serikali ilileta stempu za kodi kwenye CD na DVD mwaka 2013 ili kutenganisha halali na haramu, lakini wezi walishahamia kwenye flashi ambako hakuna pa kubandika stempu.

Utaratibu wangu ni huu. Video za familia nazihamisha mwenyewe, namrudishia mteja CD yake, na nakala iliyobaki kwenye mashine yangu naifuta mbele yake. Muvi za dukani namfundisha mteja azifanye kwake. Muvi ya mteja mmoja simwekei mwingine, hata akinipandishia bei. Na DVD nyingi za kampuni kubwa zina kufuli la kuzuia kukopi. HandBrake peke yake hailifungui, nami silifungui. Filamu hizo, nimeshasema, zina watunzaji wengine.

Ukishaihamisha

Mali bila daftari huisha bila habari. Faili inayoitwa VTS_01_1 haimsaidii mtu baada ya miaka mitano. Andika jina kamili: tukio, watu, mahali, mwaka. "Harusi_Akheri_2006" inatosha, na ndani ya folda weka karatasi ndogo ya maandishi inayotaja nani ni nani, wakati wanaowajua bado wapo.

Kisha usiweke tumaini lote kwenye diski moja. Eksteno ikidondoka kutoka mezani inaweza isiwake tena, na laptopu huibiwa. Weka nakala mbili, na moja isikae nyumba moja na nyingine. Ikae kwa ndugu wa Dodoma au Mwanza. Wakubwa nao huhamisha kumbukumbu zao. Pale Lakilaki, nje kidogo ya jiji letu, lipo jengo lililozinduliwa Novemba 2016 ambalo ndani yake zimehifadhiwa kumbukumbu za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyofanya kazi zake hapa Arusha mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Kanda za sauti na video za kesi zimekuwa zikihamishwa kutoka kwenye kanda za zamani kuwa faili za kompyuta, kwa sababu ileile inayokuhusu wewe: mashine za kuzisoma zinatoweka. Wao wana wataalamu na vyumba vya ubaridi maalumu. Wewe una Jumapili mchana na kijana wa kidato cha tatu anayejua kompyuta kuliko wewe.

Mwisho, CD usiitupe hata baada ya kumaliza. Ifute, irudishe kwenye jalada, iweke wima mahali pakavu pasipopigwa jua. Ikitokea faili limeharibika, utarudi kwake.

Wikiendi hii teremsha ule mfuko. Zile za familia weka upande mmoja, Bongo muvi upande wa pili, na za Hollywood ziache mpaka upate nafasi. Kama laptopu yako haina draivu, nunua ya kuchomeka kwa USB mkiwa watatu au wanne mtaani, mzungushane. Na ukikuta Part 2 ya muvi ambayo jirani ana Part 1, mwambie.